Igizo la Mpwa Aliyerudi Kijijini: Uzoefu Wangu Katika Ukumbi wa Parokia, Mtwara

Jumapili iliyopita nililipa shilingi 5,000 kuingia katika ukumbi wa parokia moja hapa Mtwara mjini, kutazama igizo la vijana wa kwaya linalomhusu kijana aliyepoteza imani akiwa Dar es Salaam, kisha akarudi kijijini kwao, wilayani Masasi, kumzika mama yake. Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Masasi, nilibatizwa nikiwa mchanga, na kwa miaka tisa sasa siingii kanisani ila kwa harusi na misiba. Nilikwenda nikiwa na shaka, kwa sababu maigizo ya dini niliyoyazoea humchora aliyeacha kusali kuwa mlevi, mzinzi na mwizi kwa pamoja, ili siku ya kutubu kwake vigelegele viwe vingi.

Igizo hili halikupita njia hiyo. Msingi wake ni mfano wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka, sura ya 15, yule aliyedai urithi baba yake akiwa hai, akautapanya, kisha akarudi na kupokewa kwa karamu, lakini mtunzi ameugeuza kwa namna ambayo mtu wa kusini anaitambua mara moja: mahali pa baba amemweka mjomba. Kwetu Wamakua, kama ilivyo kwa Wayao na Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, na mwenye sauti juu ya watoto ni kaka wa mama yao. Kwa hiyo kijana anapopiga magoti na kusema, "Mjomba, nipe mikorosho yangu sasa, nisingoje," ukumbi mzima uliguna, kwa kuwa kila aliyekuwepo alielewa kwamba anamtamkia mjomba wake kifo. Mjomba huyo ni katekista, yaani mwalimu wa dini, aliyefundishwa na watawa Wabenediktini wa Ndanda. Hajibu neno, anatoka nje, anahesabu miti kwa kidole, anarudi na kumwambia ipo arobaini na miwili. Kijana anaiuza na kuondoka.

Sehemu ya Dar es Salaam ndiyo niliyoiogopa, nayo ndiyo iliyonishangaza. Kijana hafanyi dhambi yoyote ya kusimuliwa. Anauza nguo Kariakoo na amepanga chumba na wenzake wawili. Siku ya kwanza anafanya ishara ya msalaba kabla ya kula, wenzake wanatazamana. Siku ya pili anaifanya haraka, mkono ukiwa karibu na kifua. Siku ya tatu anakula tu. Baadaye kunakuja Jumapili ya kushusha mzigo, ikifuatiwa na Jumapili ya uchovu, na mwishowe kengele inasikika kutoka mbali naye hageuki. Hakuna anayemshawishi wala anayemdanganya, na yeye mwenyewe hatamki popote kwamba haamini tena. Sijawahi kuona jambo hili likionyeshwa kwa ukweli kiasi hicho, na mimi nalijua, kwa maana ndivyo lilivyonitokea: nikiulizwa siku niliyoacha, sina tarehe ya kutaja.

Anarudi baada ya miaka kumi na mmoja, msimu wa kuokota korosho, akiwa amechelewa mazishi kwa siku moja. Hapa kuna mazungumzo madogo ambayo yaliwachekesha watu wazima na kuwapita vijana. Mpwa, akitafuta neno la kuanzia, anauliza wanunuzi mwaka huu wamekuja na bei gani, kama ilivyokuwa alipoondoka. Mjomba anamjibu kwa habari za stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka korosho ghalani na kupewa risiti badala ya kumuuzia mnunuzi mlangoni, za mnada, za malipo ya kwanza na ya pili, na za yale yanayoitwa majaliwa, ambayo huja au hayaji. Kijana anaitikia kwa kichwa bila kuelewa. Bila kuambiwa lolote tunajua kwamba amekuwa mgeni kwao.

Usiku wa matanga wanawake wamekaa kwenye mikeka, na mama mmoja mzee anakumbuka kwamba kijana huyu alikuwa mtumikiaji wa altare. Anamwomba aongoze rozari ya marehemu mama yake. Hawezi kukataa mbele ya waombolezaji. Anaishika rozari, anaanza "Salamu Maria, umejaa neema," kisha anakwama. Anaanza upya, anakwama palepale. Mwigizaji alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amesahau maneno ya igizo lenyewe, na nadhani si mimi peke yangu, kwa sababu akina mama waliokaa mabenchi ya mbele, ambao walikuwa watazamaji kama mimi, waliidaka sala na kuiendeleza hadi mwisho, nao waliokuwa jukwaani wakaitikia. Jirani yangu wa kulia alikuwa mzee wa Kiislamu aliyekuja kumtazama mjukuu wake akiigiza. Alivua kofia, akaishika magotini. Nami niligundua kwamba midomo yangu inatembea. Sidai zaidi ya hapo: maneno niliyakumbuka, basi.

Kama igizo lingeishia hapo ningelisifu bila masharti, lakini liliendelea kwa dakika arobaini nyingine, na hapo nina malalamiko.

Kuna kaka mkubwa wa kijana, aliyebaki kijijini. Siku ya arobaini mjomba anachinja mbuzi, na kaka anakataa kuingia uani. Hotuba yake ni fupi na nzuri kuliko zote: "Mjomba, tangu aondoke nimepulizia salfa misimu kumi na mmoja, ubwiriunga usiimalize mikorosho iliyobaki, na kifua changu kimeharibika, hujanichinjia hata jogoo." (Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na salfa ndiyo dawa yake.) Wakulima waliokuwepo walipiga makofi, na sidhani walikuwa wanampigia adui wa igizo. Mtunzi alikuwa na swali zito mikononi, kwa maana tunazungumza sana juu ya aliyeondoka na kurudi, na yule aliyebaki na mashine ya salfa mgongoni hatumuulizi kama bado anaamini au anaendelea tu kwa mazoea. Badala ya kulikabili swali hilo, akampandisha jukwaani padri, akahubiri robo saa, kaka akalia, wakakumbatiana wote watatu, kwaya ikaimba. Luka mwenyewe hakufanya hivyo: katika Injili baba anatoka nje kumsihi mwana mkubwa, na habari inakomea kwenye maneno ya baba, bila sisi kuambiwa kama mwana aliingia. Ninashindwa kuelewa kwa nini kundi la parokia liliona linahitaji mwisho uliofungwa kuliko ule wa Injili.

Mpwa naye amerudishiwa imani kwa wepesi usiolingana na jinsi alivyoipoteza polepole. Miaka kumi na mmoja ya kupungua kidogo kidogo inafutwa na mahubiri moja. Walioandaa igizo wangetembelea kanisa la Mtakatifu Paulo hapahapa mjini, ambalo kuta zake zimejaa matukio ya Biblia yaliyochorwa na padri Mjerumani, Polycarp Uehlein, wangeona jinsi picha inavyoweza kukaa mbele ya mtu bila kumweleza la kufanya. Onyesho la rozari lilikuwa na nguvu hiyo, na walilitunga wao wenyewe.

Mengine ni madogo. Kijana anaondoka kijijini mwaka 1998, halafu anasimulia kuvuka Daraja la Mkapa, ambalo lilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka aliosafiri angevuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na kama ni masika huenda angelala njiani kwanza. Tangazo lilisema saa kumi jioni, tukaanza saa kumi na mbili kasoro. Kipaza sauti kilipiga mluzi hadi mtu mmoja alipokizima, na sauti zikasikika vizuri zaidi bila hicho. Mabenchi hayana egemeo, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu atajuta.

Nimesikia wanakusudia kulipeleka Masasi baada ya msimu wa korosho. Nitakuwa nyumbani wakati huo, na nitalipa tena, kisha nitakaa benchi la mbele, upande wa akina mama, hadi hotuba ya kaka iishe. Padri akianza kupanda ngazi za jukwaa, nitatoka nje kununua maji.