Elfu sitini za kutojibiwa

Nimemaliza vikao 14 katika kliniki moja ya saikolojia Mikocheni. Jina silitaji, maana watu wa mapokezi nitawasema hapa chini.

Nauza vitenge Kariakoo. Jioni nikishafunga fremu nalivuta kufuli mara nne, naondoka, nikifika Gerezani roho inaniambia hukufunga. Narudi. Siku moja nilirudi mara sita, mlinzi akaniuliza, "Bosi, umeibiwa?" Nyumbani ni udhu: naosha mkono, nashuku, naanza upya, ndoo inakwisha na Alfajiri inanipita. Mke wangu ndiye aliyekuwa wa kunijibu. "Baba Swaumu, si umesema umefunga?" Napumua dakika tano, nauliza tena.

Neno tunalo tangu zamani, wasiwasi, na huo wa kwenye udhu masheikh wanaujua sana. Ila tumelizoea mno: ukisema una wasiwasi unaambiwa upunguze mawazo. Zahanati niliyoanzia waliniambia hivyohivyo, wakanipa vidonge vya usingizi. Nikalala vizuri, nikaamka na shaka yangu ileile.

Mikocheni nilianza na maswali 10 ya kupima ukali wa tatizo, kila moja alama 0 hadi 4. Nikapata 27. Dada mtaalamu akaandika OCD, yaani ugonjwa wa shaka zinazojirudia na kukulazimisha kukagua au kuosha tena na tena, akanieleza kwamba shaka humjia kila mtu, ila mimi kila nikikagua naipa chakula, kesho inarudi na njaa zaidi. Dawa yake ni kuiacha ije nisifanye kitu. Nikamuuliza, "Sasa nikiibiwa je?"

"Inawezekana," akasema. Basi, akanyamaza.

Nilikasirika. Nimetoa elfu sitini taslimu, bima yangu wameikataa, halafu hata pole sipewi! Kikao cha nne akaja mwenyewe dukani. Funga, vuta mara moja, twende. Njiani akawa ananiuliza hofu ni ngapi kwa 100. Tisini. Tulipofika kituoni shati limeloa, nikamgeukia: "Lakini umeniona nikifunga, eeh?" Akatazama mwendokasi zinavyojaza watu. Tulisimama pale karibu saa nzima, nikahesabu mabasi hadi nikachoka. Hofu ikashuka yenyewe mpaka 40, na kufuli sijaligusa. Kwa siku ile peke yake nawapa nyota zote tano.

Mke wangu naye aliitwa akafundishwa kutonijibu, akafurahi kupita kiasi. La udhu nilikwenda kwanza kwa imamu wetu, nisije nikaharibu ibada. Akaniambia mwenye wasiwasi mwingi hurudii, unaipuuza shaka na kusali. Yeye na yule dada hawajawahi kuonana.

Daktari wao aliniandikia pia sertraline, dawa ya sonona inayotumika pia kwa OCD. Wiki ya kwanza tumbo lilinivuruga, na alishanionya kwamba kwa tatizo hili inaweza kuchukua hata wiki 12 kuonyesha kazi.

Mapokezi sasa. Wanakuita majina yako matatu kwa sauti ya mnadani, mbele ya watu wote. Mimi niliitwa hivyo mteja wangu wa jumla akiwa kiti cha pili. Risiti mpaka uidai. Nyota mbili, na moja ni ya maji ya baridi.

Kikao cha mwisho nilipata alama 13. Nikamwambia yule dada kwamba jana yake nililivuta kufuli mara mbili, nikangoja aniambie si kitu. Akaandika kwenye faili lake, akaniuliza nakuja lini tena.