Kurekodi nyumbani au studio?

Kwa msanii anayejitegemea, gharama huvutia nyumbani: maikrofoni, kadi ya sauti (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) na kompyuta hununuliwa mara moja, ilhali studio nyingi hutoza kwa saa. Tena ukirudi kutoka ziarani koo limechoka, nyumbani unasubiri lipone bila saa kukukimbiza. Hilo nalithamini mno.

Ubora ni suala jingine. Kuta tupu hurudisha mwangwi, na ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu kuuondoa. Ngoma nazo zinataka maikrofoni kadhaa na nafasi. Hapo studio inashinda waziwazi. Matunzo ya vifaa na kazi? Nyumbani yote ni juu yako, hata kuhifadhi nakala za mafaili.

Mwimbaji mwenye gitaa anaweza kurekodi usiku, watoto wakishalala. Bendi nzima yenye siku chache kati ya ziara mbili, ikodi studio.