Kihisio cha sumaku cha magnetoelektriki: miezi minne katika kuta za Mji Mkongwe

Kazi yangu ni kutengeneza nyaya za umeme katika nyumba kongwe za Unguja, ambazo kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene kiasi kwamba hujui waya umepita wapi mpaka utoboe. Na katika mji uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, kutoboa ovyo ni kujitafutia balaa. Ndiyo maana niliagiza kutoka nje vihisio viwili vya uga wa sumaku vya aina ya magnetoelektriki.

Kila kimoja ni kijiti chembamba, kifupi kuliko kidole, chenye tabaka la seramiki ya PZT (mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani) lililogandishwa kwa gundi ya epoksi kati ya matepe mawili ya Metglas, yaani aloi ya chuma iliyo nyembamba kama karatasi. Tepe likikutana na uga wa sumaku hurefuka kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, huivuta seramiki, nayo seramiki ikivutwa hutoa volti. Kijiti chenyewe hakihitaji mkondo wowote, tofauti na kihisio cha Hall tulichokizoea mafundi, ambacho hupima uga kwa mkondo unaopitishwa ndani yake. Amplifaya tu ndiyo inayotaka betri. Ubavuni mna sumaku ndogo ambayo mimi niliidhania ya kushikia kifuniko. Nilipoing'oa, ishara ilinywea, na mawimbi 50 kwa sekunde yakawa 100, kwani tepe lisilo na sumaku hiyo hurefuka vilevile, uga uelekee huku au kule, yaani mara mbili kwa kila wimbi.

Nilikijaribu Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa mbili, birika la umeme la wati 2,000 likichemka. Kwa volti 230, mkondo wake unakaribia ampea 9, na waya mmoja peke yake ungetoa uga wa mikrotesla 17 hivi (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku) kwa umbali wa sentimita 10. Lakini waya wa kwenda na wa kurudi hulala ubavu kwa ubavu, uga wa mmoja ukaufuta wa mwenzake, na kinachosalia hakifiki hata mikrotesla moja. Hapo kihisio changu cha Hall kilinyamaza kimya, ilhali hiki kilichora wimbi safi, nami nikaufuata waya kwa chaki hadi darini bila ya kutoboa hata tundu moja.

Kasoro yake kubwa ni kwamba seramiki hiyo husikia kila kitu. Jirani alipoanza kutwanga kisamvu, kila pigo la mchi lilionekana kwenye oskiloskopu, kioo kinachochora mawimbi ya volti, na ilinibidi nisubiri amalize. Jua la dirishani likikipiga, usomaji huyumba, kwa kuwa joto nalo huifanya seramiki itoe volti. Anayetaka dira asikinunue hivi kilivyo: uga wa dunia hautikisiki, na chaji ya seramiki huvuja kabla hujaisoma, isipokuwa ukizungushie koili ya kukichochea.

Kuhusu uimara, gundi ndiyo roho ya kifaa hiki. Katika kijiti kimoja ilibanduka pembeni baada ya miezi mitatu ya joto na hewa ya chumvi, ishara ikapungua nusu, na muuzaji hajajibu barua zangu. Kile cha pili nimekipaka vanishi, na juzi katika mtaa wa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, kilisoma kama siku ya kwanza.