Bwawa la Udongo la Mwakirunge: Kazi ya Mkandarasi Baada ya Masika na Vuli

Sisi majirani wa bonde dogo pande za Mwakirunge, huku Kisauni, tulichanga fedha tukamwajiri mkandarasi wa mabwawa madogo ili atuzuilie maji yaliyokuwa yakishuka kwa kishindo kila msimu na kuzoa mihogo, kuku na, katika vuli ya 2023 iliyokuja na El Niño, ukuta mzima wa jiko la jirani yangu. Tangu tukabidhiwe kazi yamepita masika na vuli moja, na sasa naweza kueleza kwa yakini tulichopata na tulichokosa.

Kwanza ieleweke kwamba hili si bwawa la kuhifadhi maji. Ni tuta la udongo lenye kimo cha mita tatu unusu, lililokingama mkondo, na chini yake limepitishwa bomba ambalo huachwa wazi siku zote, hivi kwamba mvua kubwa ikinyesha maji hujikusanya nyuma ya tuta na kutoka kidogo kidogo, badala ya kuteremka yote kwa mara moja. Wapo wenzetu walioliona tupu wakati wa jua kali wakadhani tumeibiwa. Mimi nashikilia kwamba utupu huo ndio tulioununua, kwa maana bwawa lililokwisha kujaa halina nafasi ya kupokea mafuriko. Tena, maji yanapokauka ndani ya siku mbili, viluwiluwi vya mbu havipati muda wa kukomaa, na kwetu sisi watu wa pwani hilo si jambo dogo.

Ubora wa kazi niliuona kwenye udongo. Ardhi yetu, iliyo mbali na matumbawe ya ufuoni, ni mfinyanzi mzito unaopasuka nyufa wakati wa kaskazi na kung'ang'ania viatu wakati wa masika. Msimamizi wa mafundi, kijana mwenye adabu ambaye hakushika chombo asubuhi kabla ya kutuamkia wazee, alichota udongo wa mahali mbalimbali, akaulowesha na kuuviringisha viganjani mpaka ukawa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ule uliotoka karibu na mwembe ulikatika mapema kwa wingi wa mchanga, naye akaukataa hapo hapo, ingawa ulikuwa karibu zaidi na ungempunguzia safari za trekta. Visiki viling'olewa, udongo wa juu wenye mizizi ukaondolewa, na mtaro ukachimbwa chini ya tuta hadi kwenye tabaka gumu, ukajazwa mfinyanzi ili maji yasijitafutie njia kwa chini. Tuta lenyewe lilipandishwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila moja likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa rola kabla ya jingine kuwekwa. Jioni moja, magharibi ikikaribia, alichoma tabaka jipya kwa ufito wa chuma na chuma kikazama kwa urahisi. "Mzee, hili tunalirudia," akaniambia, na kweli walilifumua, wakalilowesha na kulishindilia upya kwa mwanga wa taa za trekta.

Sehemu niliyoihofia zaidi ni njia ya kumwagia maji ya ziada, yaani pale maji yanapopita bwawa likizidiwa. Kila Mkenya anakumbuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo lilipopasuka Solai, Nakuru, na kuua zaidi ya watu 40, na katika mikutano yetu jina la Solai lilitajwa kila mara. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu ya mgongo wake humomonyoka kwa muda mfupi mno. Mkandarasi huyu hakuiweka njia hiyo juu ya udongo wa kujazia, bali aliichimba pembeni, kwenye ardhi ya asili, pana kiasi cha kupita gari, na sakafu yake ikiwa chini ya kilele cha tuta kwa mita moja kamili. Usiku mmoja wa masika maji yalipita humo yakifika magotini, meupe kwa povu, na tuta halikuguswa. Asubuhi nilikagua upande wa nyuma hatua kwa hatua, hasa pale bomba linapotokea, kwa kuwa ndipo maji hupenda kupenya, palikuwa pakavu. Nadhani zile kola za zege, yaani pete nene walizozungushia bomba ili maji yasipenye kando yake, ambazo baadhi yetu tuliziona kuwa gharama ya bure, zimejilipa.

Lakini mdomo wa bomba uliachwa bila wavu. Katika mvua kubwa ya kwanza ya vuli, makuti, chupa na mifuko ya taka viliziba bomba, bwawa likakaa na maji siku tisa, na kama mvua nyingine ingekuja katikati hapo tungekuwa tumerudi tulikotoka. Nilimpigia mkandarasi simu mara nne. Aliyepokea alisema wavu haukuwa katika mkataba, jambo ambalo ni kweli kwa maandishi, lakini mtu mwenye ujuzi kama wake alipaswa kutuambia sisi tusiojua. Hatimaye vijana wetu waliingia majini na kuzibua kwa mikono, kazi ya hatari ambayo sitaki kuiona tena, kisha tukachomelea wavu wa nondo kwa fedha zetu.

Bei yake ilizidi ya mshindani wake kwa theluthi moja. Yule mwingine alitaka kurundika udongo kwa tingatinga na kuondoka, bila rola na bila kuuliza habari za kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa hiyo sijutii tofauti hiyo. Anayetaka kumwajiri huyu wetu na amwajiri, ila aandikishe katika mkataba wavu wa bomba, ukaguzi baada ya mvua kubwa ya kwanza, na upandaji wa nyasi. Hizo nyasi, ambazo katika mkataba wetu zimo, zimeshika vizuri upande wa maji, lakini upande wa nyuma bado kuna mabaka matupu matatu ambapo mvua imeanza kuchora vijito. Tunamdai azipande kabla ya Machi.