Kidhibiti cha volti 48: plagi safi, lebo ya relei inapotosha

Jina la kampuni naliacha, maana kasoro nitakayoieleza nimeikuta kwenye vidhibiti vya watengenezaji zaidi ya mmoja. Ni kidhibiti cha mfumo wa DC wa mnara wa simu: kinasimamia rektifaya (zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC) na betri, kina relei sita za alamu (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) na inputi sita za dijitali (za kupokea ishara za ndiyo au hapana). Tulikifunga saiti ya mlimani Morogoro, ambako masika kupanda na gari ni shughuli pevu. Alamu ya uongo pale inakula dizeli na siku ya mtu.

Kwanza sifa zake. Plagi za terminali zinachomoka. Unakaa zako juu ya ndoo, unabana ferulo (vikofia vya chuma) kwenye ncha za waya, unakaza skrubu, unavuta kila waya kidogo kuhakikisha umeshika, ndipo unachomeka plagi. Aliyewahi kufunga waya akiwa amejikunja ndani ya kabati, bisibisi iko jirani na basbaa (upau wa kugawa umeme) ya volti 54, maana mfumo wa 48 ukichaji betri hufika hapo, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa relei. Kila moja ina COM (ncha ya pamoja), NO (isiyoungana na COM relei ikiwa haina umeme) na NC (inayoungana nayo relei ikiwa haina umeme), na mchoro kwenye lebo unaonyesha relei ikiwa haina umeme. Lakini kutoka kiwandani imepangwa koili (sumaku ya umeme ya relei) ivute muda wote mambo yakiwa sawa, na iachie alamu ikitokea. Mpangilio wenyewe ni wa akili sana: kidhibiti kikifa au betri zikiisha kabisa, relei inaachia yenyewe na taarifa inafika. Shida ni kwamba katika hali hiyo ya kawaida COM imeungana na NO, wala si NC. Fundi mgeni akiifuata lebo kichwakichwa, chumba cha uangalizi kitaona "umeme umekatika" mchana kutwa na umeme upo. Kitabu kinaligusa jambo hili kwa sentensi moja, tena huko nyuma kwenye viambatisho. Hapo wametuonea.

Dawa ni multimeta. Iweke kwenye mlio, shika COM na NO, zima breka ya AC ya rektifaya, subiri ucheleweshaji wa alamu uishe, sikiliza mlio ukikatika. Usimpigie mtu wa uangalizi kabla ya hapo.

Inputi hazina makuu. Zinataka kontakti kavu, isiyobeba umeme wake: swichi ya mlango, boya la tangi la dizeli. Ishara ya jenereta inayokuja na volti 12 ipitishe kwanza kwenye relei ndogo ya kati, la sivyo utaunguza ubao. Kila inputi unaichagulia kwenye programu kama alamu iwe ya kufunga au ya kufungua. Mimi nachagua kufungua. Panya akiukata waya, au wezi wa kopa wakipita nao, najua saa ileile.

King'ora usikiwashe moja kwa moja kwa relei hizi. Kontakti za relei ni za ishara tu, na koili ya kontakta (swichi kubwa ya umeme) isiyo na dayodi ya kumeza msukumo wa koili inapozimwa itazichoma taratibu.

Kwa plagi zile ningekinunua tena. Lebo nimeibandikia stika yangu: "SALAMA = COM + NO".