Redio ndogo ya flashi: maoni ya mshona kofia wa Mji wa Kale, Mombasa

Jina lililopigwa chapa mbele ya redio hii ni la kampuni kubwa, ila herufi moja imegeuzwa, kwa hivyo sina haja ya kulitaja. Mnaijua: ndogo, ya kijivu, mpini juu, tochi ubavuni, eriali ya kuvuta, tundu la flashi na la memori kadi, na nyuma inakaa ile betri bapa ya simu za Nokia za zamani, BL-5C. Niliichukua kwa shilingi 1,200 mwezi wa Shaabani mwaka 2020, kafyu ya korona ya saa moja jioni ikiwa bado ngeni kwetu. Muuzaji alianzia 1,800. Msimpe.

Sauti kwanza. Besi haina. Mwanangu alijaribu kuweka gengetone yake, ule muziki wa vijana wa Nairobi, ikawa kama mtu anagonga sufuria chumba cha pili, akaitoa mwenyewe. Lakini mimi nasikiliza taarabu ya Mombasa, na hapo spika hii ndogo imejipatia riziki. Tashkota, ile ala ya nyuzi na vibonye, inalia wazi, kali, kila uzi unausikia. Marehemu Juma Bhalo ndiyo anatoka vizuri kabisa. Wengine humsikiliza kwa zile lahani za Kihindi, mimi namsikiliza kwa maneno, maana mengi aliyoimba ni mashairi ya Ahmad Nassir, na fumbo likikupita kina kimoja basi ushapotea. Hii redio haimezi neno. Anayeonewa ni Zein l'Abdin: zile nyuzi nzito za udi zinazama, unabaki na nyembamba tu. Kumsikiliza Zein bila chini ya udi ni dhambi ndogo, nami huifanya kila siku.

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Macho kwenye kitambaa, vidole kwenye sindano, sikio ndilo lililo huru. Simu haifai kwa kazi hii. Inataka kuguswa, inaleta ujumbe, wakati ule ilileta video za watu wakitufundisha kunywa tangawizi na ndimu tupone korona, na inakula bando. Mwezi wa nne kila mwenye mashini ya DJ alikuwa hewani mubashara kutoka sebuleni kwake, na watoto wetu wamejifungia na simu vyumbani, kila mtu na vifaa vyake masikioni. Sikatai, vijana nao walihitaji disko yao. Lakini nyumba nzima ikicheza muziki na hakuna anayesikia wa mwenzake, mimi naona ukiwa.

Redio inapita dirishani. Vichochoro vyetu vya Kibokoni ni vyembamba, na tulipofungiwa tarehe 6 Mei, Mji wa Kale huku na Eastleigh kule Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka, barazani hapakukalika tena. Ikabaki dirisha kwa dirisha. Jirani yangu wa ng'ambo akawa ananiita, "Shoga, ongeza kidogo, bwana hasikii!" Bwana mwenyewe yuko ndani, hajitokezi, lakini ubeti ukimgusa utamsikia akikohoa. Kwa hiyo nguvu ya sauti naipa alama zote: inavuka kichochoro bila kukwaruza, mradi usipite robo tatu.

Sasa jambo ambalo hakuna karatasi ya maelezo itakayokwambia. Kanda nyingi za taarabu yetu zilirekodiwa harusini. Ukizisikiliza kwa spika kubwa, muziki unafunika. Kwa hii ndogo, vinavyotoka mbele ni vigelegele, mama mmoja anayemtaja mwenzake kwa mafumbo huku akitoa tuzo, mtoto analia, viti vinaburutwa. Na Shaabani ndio mwezi wetu wa harusi, watu wanawahi kabla ya Ramadhani. Mwaka ule wa 2020 hapakuwa na kesha wala kupamba, zile sherehe za harusi. Nikaha zilisomwa na watu wa kuhesabika, bibi harusi akapelekwa kabla ya kafyu. Wapiga kinanda na wapambaji walikaa bure msimu mzima, nami kofia za mabwana harusi zilibaki kabatini. Basi harusi za mwaka ule nilizisikia kwenye kanda za zamani. Kuna siku nilizima kwa hasira, nikawasha tena baada ya chai.

Kasoro, na hizi ni za kweli. Haijui mafaili. Ukipanga Qurani kando, kasida kando na nyimbo kando, yenyewe inachanganya vyote na kufuata iliyotangulia kunakiliwa. Ramadhani mimi siweki nyimbo, naweka visomo na mawaidha. Siku moja karibu na futari sura imekwisha kwa utulivu, mara kinanda! Tena wimbo wa mtu anayelalamikia mahaba. Upande wa pili nikasikia dirisha linafungwa. Tangu hapo nina flashi mbili, nyekundu ya ibada, nyeusi ya dunia, na nyeusi haikutoka kwenye mkoba mpaka asubuhi ya Idi, ile Idi tuliyoiswali majumbani.

Pia haikumbuki ilipoachia. Wimbo wa robo saa, stima ikipotea na betri ikiwa chini, unarudi mwanzo. Skrini inaonyesha namba tu, kwa hivyo nimeandika kidaftari: 14 Bhalo, 31 Zein, 40 sikupenda.

Upande wa redio yenyewe ni wa wastani. Kuta zetu za mawe ni nene, ukiiweka katikati ya chumba FM inakoroma. Eriali lazima itoke dirishani. Pale inashika Pwani FM na Radio Rahma bila shida. Skuli zilipofungwa mwezi wa tatu na masomo kuwekwa KBC Radio Taifa, mjukuu wangu alikaa nayo asubuhi, na alasiri tuliinyamazia pamoja Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wakati ule, akisoma idadi ya wagonjwa wapya wa korona. Baada ya hapo kila mtu alitaka wimbo, na mimi sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Betri inakwenda siku nzima kwa sauti ya chini, nusu yake ukiwa na jirani kama wangu. Waya wa chaji uliokuja nayo ulikufa mapema. Wa simu ya kawaida unaingia. Tochi ni nzuri kuliko inavyostahili.

Mwenye kupenda besi asinunue. Anayekaa peke yake na kazi ya mikono anunue, aongeze na betri ya pili. Flashi usinunue iliyokwisha jazwa, utapewa nyimbo kumi zimerudiwa kwa majina tofauti. Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku na vizuizi vya mtaa vikaondolewa Juni 2020, na yote hayo yamepita, kwa hiyo tafuta mwenye kanda nyumbani kwake, mpelekee mahamri, na umwombe akunakilie za harusi, zile zenye kelele.