TAHADHARI: fundi wa cheti cha umeme, yule kijana wa "shikamoo mama"

Jamani mnaopangisha nyumba huku Uingereza, hasa mlio Reading na jirani, nisomeni kabla hamjaliwa. Mimi nimeliwa pauni 750 mchana kweupe, na mtu wa kwetu.

Nina nyumba naipangisha, anakaa mpangaji na watoto wake. Cheti cha umeme, yani ripoti ya ukaguzi wa umeme wa nyumba, kilitimiza miaka 5, muda wake ukaisha, nikahitaji kingine haraka. Namba nilipewa na dada mmoja wa kwaya, simlaumu. Kijana kafika kwangu jumamosi kuchukua funguo, fulana ina nembo, kamkuta mama sebuleni kapiga goti kabisa shikamoo mama, wakaanza kuulizana habari za Tanga mpaka mama akamtengea chai na maandazi. Sasa mtu kama huyo unaanzaje kumwambia nionyeshe kitambulisho? Halafu bei pauni 70, wengine wote walinitajia 180, 200.

Tukaenda. Kachomeka kimashine chake soketi mbili tatu, umeme hakuuzima hata sekunde, watoto wa mpangaji wanaangalia katuni muda wote. Dakika 25 kamaliza. Akaniita kwenye fyuzi boksi ya plastiki, akaigonga na kidole, akashusha sauti, "Dada, hii ni C2, yani inaweza kuleta hatari, nyumba imefeli. Ikiwaka na watoto wamo ndani utafungwa wewe. Na kaunsili wakijua, faini yao ni maelfu ya pauni." Nikawatazama wale watoto, moyo ukanilipuka. Boksi la chuma analo kwenye gari, 680, lakini iwe leo leo. Nikamtumia hela nimesimama palepale koridoni.

Haijapita miezi miwili breka ya jikoni inaruka kila siku, yeye hapokei simu, nikaita fundi mwingine, mzee wa Kipolandi. Huyo kakaa masaa matatu na nusu, kazima umeme, kafungua soketi moja moja. Akaomba ripoti ya kijana, akaisoma, akanyamaza. Eti boksi la plastiki lililo zima, halijaungua wala nyaya hazijalegea, ni C3, yani ushauri tu, nyumba inafaulu nalo! Machuma yalianza kudaiwa 2016 kwa boksi jipya linalofungwa, la zamani hakuna aliyesema ling'olewe. Na cheti changu cha mwanzo kilipita na boksi hilohilo, ndo kinachoniuma, kilikuwa kwenye droo yangu sikukitazama.

C2 ya kweli ilikuwepo, bomba la gesi halijaungwa waya wa ethi, hakuiandika. Na kabati la chini ya ngazi lina kiboksi cha maungio hakina mfuniko, nyaya za moto ziko wazi kabisa. Hiyo ndo C1, hatari iliyopo sasa hivi, sio ya kesho, mzee aliifunika kabla hajaniandikia chochote. Wale watoto wanajificha humo wakicheza kombolela!! Miezi miwili!! Hela naweza kusamehe, hilo kabati siwezi.

Mtu kama huyu afungwe. Anyang'anywe gari, vifaa, kila kitu, na picha yake ibandikwe kila kanisa na msikiti wanaposali watu wetu, asiingie nyumba ya mtu tena.

Mtamjuaje, bei ya kutupa, hazimi umeme, anataka hela leo leo wakati sheria inatoa mpaka siku 28 za kurekebisha labda ripoti iseme chini ya hapo. Cheti cha kubadilisha boksi hatoi. Na kwenye rejista za mafundi umeme jina lake halimo, nimetafuta jana usiku, ni bure na haichukui hata dakika mbili.

Kanibloku. Mwenye picha ya lile gari lake jeupe anitumie inbox leo, kesho asubuhi napeleka malalamiko Trading Standards, wale wa serikali wanaoshughulikia matapeli wa biashara, na namba ya gari sina.